Mlio wa Gurudumu Hufuata Mita, Haufuati Saa

Watengenezaji wengi wa treni za simuleta, yaani programu za kompyuta za kuigiza uendeshaji wa treni, humaliza behewa kwa uangalifu wa kusifika. Rangi ni ileile ya shirika, namba zimekaa mahali pake, hata kutu ya ngazi imechorwa. Halafu siku ya mwisho wanachukua faili la mlio wa magurudumu kutoka kwenye treni nyingine kabisa, wanalipachika, kazi imekwisha. Ndipo unapomkuta mtu anaendesha behewa la reli ya mita kuelekea Tabora huku likivuma kama treni ya mwendokasi ya Ulaya. Rangi iliyokosewa kidogo mtumiaji ataizoea ndani ya dakika tano. Mlio wa gurudumu atakaa nao safari nzima, saa baada ya saa, na ukiwa wa uongo utamchosha hata kama hajui kinachomchosha ni nini.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya yule anayetaka kuifanya kazi hii kwa heshima inayostahili. Jambo la msingi ninalotaka alishike ni kwamba gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina habari na saa. Kiungio cha reli kiko palepale ardhini, ekseli zimeachana umbali uleule tangu behewa lilipotoka kiwandani, na mzingo wa gurudumu haubadiliki. Mwendo unachobadilisha ni muda wa kutoka pigo moja hadi jingine, na ukubwa wa sauti. Kwa hiyo kila mlio unaotaka kuutengeneza uulize maswali mawili: unatokea kwa kufuata umbali au kwa kufuata kasi? Na noti yake hupanda treni ikikaza mwendo, au inabaki ilipo? Ukijibu maswali hayo kwa kila tabaka la sauti, nusu ya kazi imeisha kabla hujafungua kompyuta.

Tuanze na viungio, maana ndivyo vinavyoitambulisha reli ya zamani. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Zote zina upana wa milimita 1,000, na kwa miaka mingi vipande vya reli viliungwa kwa fishpleti, vile vyuma viwili vya ubavuni vinavyokazwa kwa boliti. Kati ya kipande na kipande huachwa upenyo mdogo ili chuma kipate nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Gurudumu likifika hapo linazama kidogo, kisha linagonga ncha ya reli inayofuata.

Urefu wa vipande hivyo hutofautiana nchi na nchi. Uingereza walizoea futi 60, yaani mita 18.29, na viungio vya kushoto na kulia vikitazamana. Marekani walitumia futi 39, yaani mita 11.89, na wakavipishanisha, ndiyo maana behewa la kule husikika likigongwa upande mmoja kisha mwingine. Ukitengeneza njia ya kwenu usikisie wala usiazime kipimo cha Uingereza. Nenda stesheni, simama jukwaani, hesabu mataruma kutoka kiungio hadi kiungio, kisha zidisha kwa nafasi iliyopo kati ya taruma na taruma. Huna haja ya kukanyaga njia hata kidogo.

Sasa tufanye hesabu moja hadi mwisho, kwa sababu hapa ndipo milio mingi ya simuleta inapoharibika. Tuseme reli zetu ni za mita 12. Ekseli mbili za bogi moja, yaani fremu ya magurudumu iliyo chini ya behewa, zimeachana mita 2. Kutoka katikati ya bogi ya mbele hadi katikati ya bogi ya nyuma ni mita 14, na behewa zima, kutoka kiunganishi hadi kiunganishi, ni mita 19. Treni inakwenda kilomita 36 kwa saa, yaani mita 10 kila sekunde.

Ekseli ya kwanza inagonga kiungio: hiyo ni sifuri. Ekseli ya pili inafika hapo baada ya sekunde 0.2. Lakini tazama ekseli ya tatu. Iko mita 14 nyuma ya ile ya kwanza, na kiungio kilichotangulia kiko mita 12 nyuma, kwa hiyo imebakiza mita 2 tu kukifikia. Itagonga sekunde ileile ya 0.2, sambamba na ekseli ya pili. Ya nne itafuata kwenye 0.4. Baada ya hapo ni kimya mpaka sekunde ya 1.2, ekseli ya kwanza inapofikia kiungio cha mbele. Abiria aliyeketi ndani ya behewa hili hasikii mapigo manne. Anasikia matatu, la katikati likiwa zito: ta-TA-ta, kimya, ta-TA-ta, kimya.

Tena kimya hicho si kitupu. Behewa la nyuma lina ekseli zake, na ukizihesabu kwa njia hiyohiyo utakuta zinagonga kwenye 0.7, 0.9 na 1.1. Mapigo hayo yanamfikia abiria wetu kwa mbali, yamefifia, yamepita ukutani na sakafuni. Watengenezaji wengi huliacha hili, na ndiyo sababu behewa lao husikika kama liko peke yake duniani. Weka mapigo ya jirani, yapunguze desibeli kumi hivi, kata sehemu ya juu ya sauti ili yasikike yametoka nyuma ya ukuta, na papo hapo treni inakuwa na urefu.

Mtu aliyesimama kando ya njia, karibu na kiungio kimoja, anasikia kitu tofauti kabisa. Kwake urefu wa reli hauna maana sana. Kinachotawala ni mpangilio wa ekseli. Kwa vipimo vyetu atasikia mapigo mawili, kimya cha sekunde 1.2, kisha manne ya haraka, kimya tena, manne tena, mpaka treni iishe. Yale manne wengi hudhani ni ya behewa moja. Sivyo. Mawili ni ya bogi ya mwisho ya behewa linalopita na mawili ni ya bogi ya kwanza ya behewa linalofuata, yaani unasikia mahali mabehewa yalipoungana. Kwa hiyo mdundo wa ndani na mdundo wa nje ni kazi mbili zilizo mbali mbali. Kuchukua rekodi ya kando ya njia ukaiweka ndani ya behewa, ukiipunguza sauti tu, ni kosa linalosikika tangu dakika ya kwanza.

Ukishaelewa hesabu hii, huhitaji kurekodi mdundo. Unahitaji pigo moja moja. Simuleta ikijua umbali, itayapanga yenyewe kwa mwendo wowote: kwa kilomita 72 kila muda hapo juu unagawanywa kwa mbili, kwa kilomita 18 unazidishwa mara mbili. Na pigo lenyewe noti yake ibaki palepale. Chuma kikigongwa hulia kwa sauti yake ya asili, kigongwe haraka au polepole. Hili nalitilia mkazo kwa sababu njia ya mkato iliyozoeleka ni kurekodi treni ikiwa kilomita 60, viungio vikiwa ndani ya rekodi, kisha kuiachia programu ipandishe na kushusha noti kadiri mwendo unavyobadilika. Treni ikipunguza hadi kilomita 15 mapigo yanageuka mazito, ya chini, ya kuburuta, utadhani magurudumu ni ya mpira. Hakuna kituo cha reli ulimwenguni ambako treni huingia ikilia hivyo.

Andaa mapigo sita hadi nane yasiyofanana, programu iwe inachagua bila mpangilio. Hakuna viungio viwili vilivyokaza sawa. Ongeza na pigo moja au mawili ya kiungio kilichozama, pale ambapo kokoto zimelegea na taruma linacheza: kishindo chake ni kizito na butu, kikifuatwa na mtikisiko wa behewa. Hicho usikitawanye ovyo. Kiweke mahali maalumu, kwa mfano karibu na makutano ya reli na barabara, na dereva atakikuta palepale kila akipita. Baada ya safari chache ataanza kukitarajia.

Tabaka la pili ni mvumo, ile sauti isiyokatika inayozaliwa na mikwaruzo midogo iliyo juu ya reli na juu ya gurudumu. Huu ndio unaofuata kasi. Wataalamu wa kelele za reli wamepima kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, mvumo hupanda kwa takriban desibeli 9. Ukiligeuza hilo kuwa namba za mstari wa sauti unaotumika kwenye simuleta, utapata hivi: ikiwa kwa kilomita 80 mvumo ni 1, kwa kilomita 40 uwe 0.35, na kwa kilomita 20 uwe 0.125. Mstari huo umepinda. Wengi huchora mstari ulionyooka kutoka sifuri hadi mwisho, na matokeo yake treni inayotambaa stesheni huvuma kuliko inavyopaswa.

Mapigo ya viungio nayo hupanda, lakini kwa upole zaidi, karibu desibeli 6 kwa kila maradufu. Kwa hiyo kama kwa kilomita 80 pigo ni 1, kwa 40 ni 0.5 na kwa 20 ni 0.25. Linganisha na namba za mvumo utaona jambo zuri: kadiri treni inavyopunguza mwendo, ndivyo pigo linavyojitokeza peke yake. Kwa kilomita 20 unasikia kila ekseli waziwazi na mvumo uko chini yake. Kwa kilomita 80 mapigo yamezama nusu ndani ya mvumo na yamebaki kama msisimko. Mabadiliko hayo ya uwiano ndiyo yanayomwambia sikio kwamba treni inaongeza mwendo kweli. Ukiyapata haya mawili sawasawa, makosa mengine mengi yatasamehewa.

Kuhusu noti ya mvumo, ukweli uko katikati. Mikwaruzo hupitiwa haraka zaidi mwendo ukipanda, kwa hiyo nguvu ya sauti husogea kuelekea juu. Lakini vitu vinavyotoa sauti hiyo vina noti zao za kudumu: kwa kukadiria, mataruma hutawala chini ya hezi 500, reli yenyewe hutawala eneo la kati, na magurudumu hutawala kuanzia kama hezi 1,600 kwenda juu. Noti hizo hazihami. Ukinyoosha rekodi moja kutoka kilomita 20 hadi 100 unahamisha hata visivyohama. Mimi nisingenyoosha rekodi zaidi ya robo kwenda juu au robo kwenda chini. Kwa treni ya reli ya mita rekodi nne zinatosha: kilomita 20, 32, 50 na 80. Kila moja ikinyooshwa kwa robo inakutana na mwenzake, na hakuna pengo.

Mahali zinapokutana, moja ififie nyingine ikipanda. Hapa pana mtego mdogo. Ukizipishanisha kwa mstari ulionyooka, katikati kila moja iko 0.5, na kwa kuwa mivumo miwili isiyohusiana haijumlishwi kama namba za kawaida, sauti itazama kwa desibeli 3 hapo. Dereva atasikia treni ikishusha pumzi kila inapopita kilomita 40. Weka kila moja kwenye 0.71 pale katikati na tatizo linaondoka.

Sasa rekodi utazipataje? Simu inaweza kutosha, kwa sharti moja ambalo watu wengi hawalijui. Programu za kawaida za kurekodi kwenye simu zimetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo, na zina kichujio kinachofuta kelele isiyokatika ili maneno yasikike. Mvumo wa treni kwao ndiyo hiyo kelele. Utarudi nyumbani na rekodi yenye sauti ya mama anayeuza karanga, safi kabisa, na treni imetoweka. Tafuta programu inayokuruhusu kuzima uchujaji na urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, irekodi kwa WAV, hezi 48,000, na uweke kiwango chini kiasi kwamba vilele havizidi desibeli 12 chini ya ukomo. Ukiwa na kinasa sauti kidogo cha mkononi ni bora zaidi. Maikrofoni ivae sponji hata ndani ya behewa, kwa sababu madirisha ya treni zetu huwa wazi na upepo hauna adabu.

Keti juu ya bogi kwa rekodi moja, kisha hamia katikati ya behewa kwa nyingine; tofauti yake ni kubwa na utaihitaji. Washa GPS ya simu ya pili upate mwendo, na mwanzoni mwa kila rekodi sema kwa sauti: "kilomita hamsini, juu ya bogi, madirisha wazi." Usitegemee kukumbuka. Usichungulie mlangoni wala kunyoosha mkono nje treni ikiwa inakwenda. Stesheni, mwombe ruhusa stesheni masta kabla ya kutoa kifaa chochote. Mweleze unachofanya, mwonyeshe treni yako kwenye simu kama una picha. Wazee wa reli wanaipenda kazi yao, na mara nyingi atakuambia mwenyewe swichi ipi ya njia inagonga sana.

Mapigo ya viungio yarekodi treni ikiwa inatambaa, inapoingia stesheni au inapopangwa uani. Sababu umeshaiona: kwa mwendo mdogo mvumo umeshuka zaidi ya pigo, kwa hiyo pigo linatoka safi, tayari kukatwa. Na kwa kuwa noti yake haibadiliki, pigo hilohilo litakufaa kwa kilomita 70, ukiliongezea ukali kidogo kwa juu. Mvumo, kinyume chake, urekodi mbali na viungio kadiri inavyowezekana. Kama njia nzima ina viungio, kata vipande vifupi vilivyo kati ya pigo na pigo, viunganishe kwa kupishanisha. Kazi hiyo inachosha na hakuna njia ya mkato.

Audacity, programu ya bure, inatosha kwa yote haya. Kipande cha mvumo kitakachozunguka kiwe na sekunde saba hadi kumi na tano, na mwisho wake uingiliane na mwanzo wake kwa sekunde moja au zaidi. Kisikilize kwa spika za masikioni kikizunguka kwa dakika tano huku ukifanya jambo jingine. Ukianza kusikia kitu kinachojirudia, kikohozi, bawaba ya mlango, mlio wowote mdogo, kifute au uanze upya. Njia nzuri ya kuficha mzunguko ni kutumia tabaka mbili za urefu usiogawanyika: moja ya sekunde 7 na nyingine ya 11 hazitaanza pamoja tena mpaka sekunde ya 77.

Kona zinahitaji uamuzi wako mwenyewe. Mlio ule mkali wa gurudumu kwenye kona kali hutokea kwa sababu gurudumu, likiwa limefungwa kwenye ekseli na bogi, haliwezi kugeuka kufuata mzingo wa reli. Linateleza kidogo kwa ubavu, linanata, linateleza tena, mara nyingi sana kwa sekunde, mpaka diski nzima ya chuma inaimba. Noti yake ni ya gurudumu lenyewe. Haipandi treni ikiongeza mwendo, na ukiifunga kwenye kasi utapata kitu kinachofanana na king'ora. Kinachobadilika ni kama mlio upo au haupo, na ni wa nguvu kiasi gani. Kona yenye nusu kipenyo chini ya mita 200 huuleta mara kwa mara. Kona pana hazina sababu ya kulia. Reli ikiloa, mlio huo hupungua au kunyamaza, kwa hiyo kama simuleta yako ina mvua, iunganishe. Na hata kwenye kona ileile kavu, magurudumu hayalii yote wala kila siku. Yape bahati nasibu: gurudumu hili lilie sasa, lile linyamaze, noti zitofautiane kidogo. Sambamba na huo kuna mkwaruzo wa ukingo wa gurudumu dhidi ya ubavu wa reli, ambao ni kama mfoko wa mvuke, hauna noti maalumu. Huo uweke chini, kwenye kona nyingi zaidi. Anayetengeneza mteremko wa Bonde la Ufa kwenye reli ya zamani ya Kenya atautumia kuliko sauti nyingine yoyote.

Gurudumu lenye bapa, lililokwanguka kwa kuburutwa likiwa limefungwa breki, hugonga mara moja kila mzunguko. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 85 lina mzingo wa mita 2.67, kwa hiyo kwa kilomita 36 linagonga karibu mara nne kila sekunde, na halihusiani kabisa na viungio. Liweke kwenye behewa moja la mizigo katika treni nzima.

Kuna athari nyingine ya breki ambayo ni ya kimyakimya lakini kubwa. Mabehewa ya zamani yanafunga breki kwa vipande vya chuma cha kalibu vinavyobana uso wa gurudumu. Vipande hivyo hulikwaruza, na gurudumu lililokwaruzwa huvuma zaidi hata breki zikiwa zimeachiwa. Tofauti kati yake na gurudumu la behewa lenye breki za diski hufika desibeli 8 hadi 10. Kwa hiyo usitumie mvumo mmoja kwa mabehewa yote. Wakati wa kusimama, chuma cha kalibu hushika kwa nguvu zaidi mwendo unapokaribia sifuri. Mlio wa breki uongezeke katika mita za mwisho na uishe kwa mtikiso, usififie polepole.

Reli mpya za SGR zinataka fikra nyingine. Ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, na ile ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zina upana wa milimita 1,435, mataruma ya zege na reli zilizochomelewa. Hakuna ta-TA-ta. Ukiiweka, umeharibu kila kitu. Hapa mvumo ndio mhusika mkuu, laini zaidi, na swichi za stesheni ndizo zinazovunja utulivu kwa kundi la mapigo ya haraka. Treni ya Tanzania inafika kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo ongeza rekodi mbili juu ya zile nne, moja ya kilomita 128 ikiwemo, na mstari wa sauti uendelee kupanda kwa kanuni ileile. Ndani ya behewa lililofungwa na lenye kiyoyozi, kata sehemu ya juu ya sauti kwa ukarimu. Abiria anausikia mvumo kupitia sakafu zaidi kuliko kupitia dirisha.

Mazingira yasiingizwe ndani ya rekodi. Rekodi iwe kavu, na mwangwi uongezwe pale njia inapoudai. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa upana wa milimita 1,067, ina mahandaki mengi kati ya Mlimba na Makambako. Treni ikiingia handakini madirisha yakiwa wazi, kelele hupanda ghafla, ndani ya urefu wa behewa moja, na kushuka ghafla vilevile. Usiipandishe taratibu. Daraja la chuma lisilo na kokoto, ambako mataruma yamelala moja kwa moja juu ya mihimili, huongeza desibeli 10 au zaidi, hasa upande wa chini, kwa sababu daraja zima linatetemeka. Daraja la zege lenye kokoto halibadilishi mengi. Mataruma ya chuma, yaliyopendwa kwenye reli zetu za zamani kwa kuwa mchwa hawayali, yana mlio mkavu kuliko ya mbao; kama njia yako inayo, punguza uzito wa chini wa mapigo na uongeze ukali wa kati.

Namna ya kuyafunga yote haya hutegemea simuleta. Open Rails, ya bure na iliyojengwa juu ya mafaili ya Microsoft Train Simulator ya mwaka 2001, hutumia faili la maandishi la .sms. Ndani yake unachora mistari ya sauti na noti kwa kufuata kasi, na kuna kichochezi cha umbali uliosafiriwa ambacho unakitajia mita za chini na za juu. Huo ndio mlango wa viungio: taja 12 na 12 kwa njia nyoofu, au 11.8 na 12.2 kama unataka mdundo uliochoka kidogo. Kila sauti ya njia, daraja na handaki inaweza kupewa eneo lake. openBVE nayo huchukulia rekodi yako ya mvumo kuwa ni ya kilomita 90 kwa saa, kisha huinyoosha kwa kufuata mwendo. Ukiipa rekodi ya kilomita 60 bila kuigusa, treni yako itavuma kwa noti ya chini kuliko inavyostahili. Iharakishe kwanza mara moja na nusu, na itarudi kwenye noti yake ya kweli treni ikifika 60.

Ukimaliza, jaribu hivi. Mtafute mtu aliyefanya kazi ya reli, awe gadi, fundi wa njia au mkaguzi wa tiketi aliyestaafu. Mketishe, mpe spika za masikioni, mgeuzie kioo cha kompyuta pembeni asikione. Endesha kwa kilomita 25, kisha 50, kisha 70, na kila mara umuulize, "Mzee, tunakwenda mwendo gani?" Usimsaidie. Akitaja mwendo mkubwa kuliko ulio nao, mvumo wako umezidi au noti imepanda mno. Akitaja mdogo, mapigo yanafunika mvumo. Akisita katika mwendo mmoja tu na mingine akaipata, kagua pale rekodi mbili zinapopishana. Halafu mwulize swali la mwisho, behewa liko mbele au nyuma ya treni, na ukiona ameweza kujibu, mapigo ya jirani yamekaa sawa.